Chini ya Ulimi

Machi ile tulifunga kliniki, nikabeba nyumbani
kompyuta, saa ya ukutani, na mmea wa dirishani
ambao hadi leo hakuna aliyesema ni wake.
Bodi ya maadili ikatuma kurasa kumi na mbili:
mkojo wa kikombe, basi; mate, kwa posta;
sahihi, kwa sauti. Taja tarehe. Taja jina.
Sema ndiyo, kama ni ndiyo.

Nikawa mtafiti wa jikoni.
Nilisukuma kando unga na sufuria,
nikavaa blauzi ya kazi juu, ndara chini,
nikawauliza watu wa milimani, mmoja mmoja,
yaleyale niliyowauliza nilipokuwa na mlango wa kufunga.

Faili linamwita Arobaini na Moja. Ni Hobart Lykins,
fundi wa mgodi uliofungwa kabla ya kila kitu kufungwa.
Mwamba ulimwangukia mgongoni; daktari akaandika vidonge,
vidonge vikamwandika yeye.
Mwarobaini hutibu maradhi arobaini, wanasema;
ugonjwa wa arobaini na moja ndio tunaoutafiti sisi.

Bondeni kwake mtandao haufiki.
Kila Jumanne hushuka na pikapu maili kumi na tisa
hadi maegesho ya maktaba ya Pruitt Fork.
Maktaba imefungwa, ila mkutubi, Bi Opal Stidham,
huacha mitambo inawaka, na nenosiri kalibandika kiooni
kwa herufi kubwa kama za darasa la kwanza.
Hapo, nyuma ya usukani, Hobart huiinulia kamera dawa,
huiweka chini ya ulimi.
Usimeze. Usiseme. Dakika kumi.

Kliniki nilizoea kumwacha, nikaenda kubandika lebo.
Sasa itifaki inataka nisimwondolee macho.
Basi tunatazamana, watu wazima wawili,
kama wachumba waliotafutiwa na wazazi.
Mvua inaandika na kufuta kioo cha mbele.
Nimejua ndevu zake zinaanzia mvi upande wa kushoto.
Yeye amejua mama mkwe wangu anakohoa.

Dakika ya kumi na moja, dodoso:
Katika siku thelathini zilizopita,
mara ngapi ulikuwa peke yako ulipotamani kutumia?
Akacheka hadi picha ikaganda, mdomo wazi.
"Dada, nitajie wewe aliye na mwenzake."
Kisanduku cha jibu hilo hakuna.

Kisha Jumanne moja, mraba mweusi,
na kando yake sura yangu.
Nikapiga simu. Nikapiga. Jumatano nikapiga.
Fomu ya waliopotea ina machaguo manne:
amerudia, amejitoa, amefariki, hajulikani alipo.
Kishale kilisimama juu ya la kwanza. Naungama.
Miaka tisa kazini, na kidole kilikwenda huko chenyewe.

Ijumaa ikaita simu ya mezani, ya kanisa fulani.
"Mtandao umezimika. Opal yuko hospitali, kwenye mashine.
Hakuna mwingine mwenye ufunguo."
Akanyamaza. "Dawa ninayo mkononi. Tufanye?"

Hakuna kamera. Hakuna kifungu kinachoruhusu.
Nikasema: weka.

Nikasikia karatasi ikichanwa,
kisha pumzi, kisha pumzi,
na nyuma yake mtu akiburuta viti kuvitenganisha,
futi sita, futi sita.
Dakika ya saba nikagundua kwamba mimi pia
nimefumba mdomo, ulimi umeinuka,
kana kwamba ninacho kitu cha kuyeyusha.

Kwenye safu ya mikengeuko nikaandika: dozi haikushuhudiwa.
Nikafuta. Nikaandika tena, maana ndivyo ilivyokuwa.
Kisha nikatafuta, hadi mama mkwe akaamka kuomba maji,
ni safu gani ya kumwandika Opal.